SHAURI LA NYUMBU WA NYIKA ZA ATHI

Jinsi maamuzi ya wanadamu yanavyoongeza au kupunguza wanyama wa jamii ya swala karibu na Nairobi

Wasomaji wetu wakaao Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi wamezoea kuona nyumba zikipakana na nyumba, reli na viwanda. Si wengi wakumbukao ya kuwa mbuga waishimo simba, twiga na nyumbu iko karibu nao kuliko mashamba ya wazazi wao. Mtu akitoka Shauri Moyo, akafuata njia ya Jogoo, akalipita eneo la viwanda mpaka njia kuu ya Mombasa, hatakwenda mbali kabla ya kufika upande wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mbuga hii ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu, nayo imeegemea mji mkuu.

Katika makala haya tutaeleza jambo moja ambalo watu wengi hulidhania kuwa jepesi. Wengi husema kwamba wanyama hupungua kwa sababu ya majangili, na ya kwamba majangili wakikamatwa wote, wanyama watarudi. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Tukiangalia habari za nyumbu na kongoni wa nyika za Athi na Kaputiei, zilizoko kusini ya mbuga ile, tutaona ya kuwa shauri lililokatwa mezani, juu ya mpaka, juu ya ardhi au juu ya nyasi, laweza kuondoa wanyama wengi kuliko bunduki na mitego, wala damu isionekane.

Kwanza yafaa tujue mwenendo wa nyumbu kwa mwaka. Mgeni hudhani kwamba wanyama hukaa ndani ya mbuga nyakati zote kama ng'ombe katika zizi. Sivyo. Wakati wa mvua nyumbu walikuwa wakitoka mbugani, wakavuka mto Mbagathi, wakaenea katika nyika za kusini kupita Kitengela hata upande wa Isinya na Kapiti. Huko nyasi ni fupi na laini, zenye chokaa na madini mengine ambayo nyumbu jike huyahitaji anaponyonyesha. Tena katika nyasi fupi mama humwona simba angali mbali. Kwa hiyo huzaa huko, wengi wao katika miezi ya Januari hadi Machi, ndama kwa mamia ndani ya majuma machache. Kiangazi kikishika, maji ya nyikani yakikauka, walikuwa wakirudi kaskazini kuingia mbugani, maana humo mna mto usiokauka na mabwawa yaliyochimbwa na wasimamizi. Basi mbuga ni nyumba yao ya kiangazi tu. Nyumba yao ya masika, ambayo ndiyo ya uzazi, iko juu ya ardhi ya watu.

Haya yalijulikana tangu mwanzo. Kabla ya mbuga kuwekwa, eneo lote la kusini ya Nairobi lilihesabiwa kuwa hifadhi ya wanyama, na Wamasai walichunga humo pamoja na wanyama. Karibu na mji palikuwa na malisho ya watu wote, na wakati wa vita kuu ya pili majeshi yalifanya mazoezi hapo. Bwana Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akidai kwa miaka mingi kwamba Serikali itenge mahali pa wanyama. Alipoona hasikilizwi alitumia hila ambayo husimuliwa hata leo: aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, akataka wanyama wote wa porini wauawe kwa bunduki za rashasha ili nchi ipate kulimwa. Watu walighadhibika mno, na ghadhabu ile ikawa nguvu ya shauri lake. Sheria ya mbuga za taifa ilitungwa mwaka 1945, na tarehe 16 Desemba 1946 Mbuga ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza katika Kenya.

Bwana Cowie alifanya kazi kubwa, wala hatumwondolei sifa yake. Lakini mpaka ulichorwa kwa kufuata mto na mahitaji ya mji. Haukufuata njia ya nyumbu. Tena wachungaji waliotolewa ndani ya mstari ule hawakuulizwa, na wale wa ng'ambo ya mto waliachiwa kuwalisha wanyama wa Serikali wakati wote wa masika bila malipo. Ilikuwa rahisi wakati ule kutolitazama jambo hili, kwa sababu nyika ilikuwa tupu na Mmasai hakuwa na ugomvi na nyumbu, ila kwa miezi ile ya uzazi. Maana ndama wa nyumbu katika miezi yake ya kwanza hutoa virusi kwa kamasi na machozi, na ng'ombe akila nyasi zilizochafuliwa hushikwa na homa kali, macho yake yakafanya ukungu, na aghalabu hufa. Kwa hiyo wachungaji huwaondoa ng'ombe wao mahali nyumbu wanapozaa, yaani huwapisha wanyama kwenye malisho mazuri kuliko yote. Hiyo ni kodi kubwa, na walioilipa hawakuandikiwa stakabadhi.

Baadaye mbuga ilijengewa uzio pande za kaskazini, mashariki na magharibi, ili simba wasiingie mjini na watu wasiingie mbugani. Upande wa kusini uliachwa wazi. Basi ule mlango wa kusini ndio uhai wa mbuga nzima, na kila shauri lililofuata lingepaswa kupimwa kwa swali hili: je, laupanua mlango au laufunga?

Tutazame kidogo mambo ya nyasi, ambayo mtu wa mjini hayafikirii. Zamani Wamasai walichoma nyasi kuukuu na ng'ombe wao wakazila zilizochipuka. Kwa njia hiyo nyasi zilibaki fupi. Ng'ombe walipotolewa mbugani na moto ukazuiwa, nyasi zilirefuka zikawa ngumu. Nyumbu, kongoni na swala tomi hawapendi nyasi za namna hiyo, kwa lishe yake duni na kwa kuwa simba hujificha humo. Nyati hupata riziki katika nyasi ndefu, na kwa kweli nyati wameongezeka mbugani wakati wanyama wa nyasi fupi wakipungua. Hakuna aliyekusudia kuwafukuza nyumbu kwa kuzuia kiberiti. Lakini ndivyo ilivyo kazi hii ya kutunza wanyama, kila unaloliacha ni shauri sawa na kila unalolifanya.

Ukame nao una sehemu yake. Katika ukame wa miaka ya 1973 na 1974 kongoni na nyumbu wengi walikufa ndani ya mbuga, tena wakiwa chini ya ulinzi mwema. Katika nchi iliyo wazi hasara ya ukame hulipwa: mvua zinaponyesha, walionusurika huenda kwenye malisho ya uzazi, na kwa miaka michache idadi hupanda tena. Hatari ni pale ukame unapokuja na njia imekwisha kuzibwa.

Sasa tuje kwenye uwindaji. Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini katika nchi nzima, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vya wanyama. Sababu zake zilikuwa nzuri: tembo na faru walikuwa wakimalizwa. Lakini ni lazima tuseme yaliyotokea. Katika miaka ile ile Serikali ilianza kuhesabu wanyama kwa ndege katika nyika zote za nchi. Wataalamu walipolinganisha hesabu za 1977 na za 2016, waliona kwamba wanyama wakubwa wa porini katika nyika za Kenya wamepungua kwa kiasi cha asilimia 68. Katika nyika za Athi na Kaputiei nyumbu walikuwa zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufika mwaka 2011 walikuwa wamebaki chini ya 5,000. Wote hao walipungua wakati uwindaji umekatazwa kwa sheria.

Je, sheria ndiyo iliyowaua? Hatusemi hivyo. Iliwazuia wenye bunduki za anasa, na pengine bila sheria ile hata hao wachache wasingalibaki. Lakini ilimwacha mwenye ardhi na mnyama asiyemfaa kwa lolote. Nyumbu alikula nyasi zake, akamwambukiza ng'ombe wake, akamletea simba nyuma yake, naye mwenyewe hakuruhusiwa kupata nyama, ngozi wala senti moja. Mtu wa namna hiyo akijiwa na mnunuzi wa ardhi hatachelewa kumsikiliza.

Na wanunuzi walikuja. Ardhi ya Wamasai wa Kitengela ilikuwa imeandikishwa kuwa ranchi ya kikundi, mali ya jamaa wengi pamoja, isiyo na mipaka ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ile iligawanywa, kila mwanachama akapewa cheti chake. Wala hatuwezi kuwalaumu: kila mtu hupenda kujua kilicho chake, na waliogopa ardhi ya wote isije ikaliwa na wachache. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo kubwa likajengwa Athi River, mlangoni kabisa pa njia ya nyumbu. Viwanda vilihitaji wafanyakazi, wafanyakazi walihitaji nyumba, na mji wa Kitengela, uliokuwa vibanda vichache kando ya barabara ya Namanga, ukaota kama uyoga. Machimbo ya mawe na mchanga yalifuata, na mashamba ya maua, na nyaya za seng'enge.

Hapo msomaji wa Shauri Moyo anaingia katika habari hii, akiwa mtu mwenye neno katika shauri lenyewe. Nani aliyenunua ploti zile? Ni makarani, madereva, wauguzi, walimu na wachuuzi wa Nairobi waliochoka kulipa kodi ya chumba kimoja, wakaungana katika vyama vya akiba na mikopo, wakanunua vipande vya futi 50 kwa 100 huko Kitengela, Kisaju na Isinya. Ni haja ya haki kabisa. Mtu aliyelea watoto wanne katika chumba cha Shauri Moyo hawezi kuambiwa na mtu mwenye nyumba kubwa Karen kwamba aiache ardhi kwa ajili ya nyumbu. Lakini ploti 1, yenye uzio wake, yaweza kuziba njia ambayo mamia ya wanyama waliipita kwa vizazi vingi. Maana nyumbu haruki seng'enge kama pofu arukavyo, wala hapiti chini yake. Akifika huzunguka, na akizunguka hukuta uzio mwingine.

Ili tusidhani kwamba haya ni yetu peke yetu, tutupe macho Marekani. Huko yupo mnyama aitwaye elki, jamaa ya kulungu lakini karibu na ukubwa wa ng'ombe, mwenye pembe za matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Hukaa milimani wakati wa joto, na theluji ianguapo hushuka mabondeni kutafuta majani. Katika jimbo la Wyoming walowezi walijenga mji wa Jackson na mashamba yao katika bonde lenyewe waliloshukia elki. Elki wakafa kwa njaa maelfu katika majira ya baridi, na wengine wakala majani makavu yaliyowekwa kwa ng'ombe. Mwaka 1912 Serikali ya Marekani ilitenga kipande cha bonde kuwa kimbilio lao, na watu wakazoea kuwapelekea chakula kwa magari. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kazi ya kuwalisha haijapata mwisho mwepesi. Elki wakisongamana mahali pamoja huambukizana magonjwa, ukiwamo ule wa kutupa mimba ambao wafugaji wetu wanaujua sana kwa ng'ombe. Wakiacha kulishwa ghafula, huenda mashambani. Ndivyo ilivyo: ukiifunga njia ya mnyama, huna budi kumtumikia.

Si mbali na hapo, katika mbuga ya Yellowstone, wasimamizi waliwamaliza mbwa mwitu wakubwa kufika mwaka 1926 wakidhani wanawasaidia elki. Elki wakazidi mpaka wakaharibu miti michanga, ikabidi askari wa mbuga wawapige risasi wao wenyewe, mpaka wananchi wakapinga katika miaka ya 1960. Mbwa mwitu walirudishwa kutoka Kanada katika miaka ya 1995 na 1996. Kundi la kaskazini la elki, lililohesabiwa kiasi cha 19,000 mwaka 1994, lilikuwa chini ya 4,000 mwaka 2013. Dubu, ukame na wawindaji wa nje ya mbuga walikuwa na fungu lao pia. Wamarekani wenyewe hawajaafikiana kama hiyo ni hasara au faida. Twaitaja habari hii kwa sababu moja tu, kwamba huko nako idadi ya wanyama ilipanda na kushuka kwa kalamu.

Turudi Kitengela. Mwaka 2000 marafiki wa mbuga pamoja na wenye ardhi walianza jaribio ambalo kwa maoni yetu ndilo shauri la busara kuliko yote tuliyoyataja. Mwenye ardhi aliyekubali alilipwa kiasi cha shilingi 300 kwa eka kwa mwaka, kwa masharti machache: asijenge uzio, asichimbe mawe, asiuze ardhi ile vipande vipande, wala asiruhusu mtu kuua wanyama humo. Ng'ombe wake waliendelea kulisha kama kawaida. Malipo yaligawanywa mara tatu, na kila fungu lililetwa karibu na mwanzo wa muhula wa shule, ili lisaidie ada. Wanawake waliipenda sana njia hii, kwa kuwa fedha ililetwa hadharani na mke akaiona. Maelfu ya eka yaliingia katika mpango. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: fedha zilitoka kwa wafadhili. Misaada mikubwa ilipokoma, malipo yalidhoofika, na shilingi 300 hazingeweza kushindana na bei ya ploti iliyokuwa ikipanda kila mwaka.

Wakati nyumbu wanapungua, simba hakufunga. Aligeukia mbuzi na ng'ombe. Mwezi wa Juni 2012 simba 6 waliokuwa wamevamia mifugo waliuawa kwa mikuki upande wa Kitengela, na dunia nzima ikapiga kelele. Waliosikitika kwa simba hawakuuliza sana nani aliwaondolea simba windo lao. Kijana mmoja wa huko, Richard Turere, alibuni taa ndogo za kuwakawaka kuzunguka zizi, simba akadhani mtu anatembea na kurunzi. Taa hizo zimesaidia maboma mengi.

Lipo pia jambo la nyama, na hili twalisema waziwazi kwa sababu mitaa yetu imezungukwa na maduka ya nyama, na soko la Burma ni mashuhuri kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 wachunguzi walinunua vipande vya nyama katika maduka mbalimbali ya Nairobi na kuvipima kwa njia ya kitaalamu. Kiasi cha robo ya vipande vile vilikuwa vya wanyama wa porini, na vingine vilikuwa vimechanganywa. Wanunuzi walidhani wanakula ng'ombe au mbuzi. Nyama ya namna hiyo haikupita mbele ya mkaguzi, nayo yaweza kuleta maradhi kama kimeta. Tangu mapema ya miaka ya 1990 Serikali ilikuwa imewaruhusu wenye mashamba wa wilaya chache, kama Machakos, Nakuru na Laikipia, kuchinja idadi maalumu ya pundamilia, kongoni na swala na kuuza nyama kwa halali. Wengine walisema hiyo ndiyo njia ya kumpa mwenye ardhi sababu ya kuwatunza. Wengine walisema nyama ya halali imekuwa vazi la kuifunika ya wizi. Usimamizi ulikuwa dhaifu, na ruhusa ile ikaondolewa mwaka 2003. Kwa sheria ya wanyama ya 2013, kuwinda, kuwa na nyama ya porini, au kuiuza ni kosa. Mnunuzi mwenye busara hutazama muhuri wa mkaguzi juu ya mnofu, na hukataa nyama ya bei rahisi ajabu ikatwayo gizani.

Je, mlango wa kusini una hali gani leo? Umesongwa. Barabara kubwa ya kusini ya mji ilimega ukingo wa mbuga, na reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, hupita katikati ya mbuga juu ya daraja la kiasi cha kilomita 6. Wanyama hupita chini ya nguzo, na ni haki kusema kwamba daraja ni jema kuliko tuta. Lakini jambo zito zaidi lilitokea mwaka 2020, rasimu ya mpango wa kuiendesha mbuga kwa miaka kumi ilipotaja kuujengea uzio mpaka wa kusini. Waliounga mkono walisema: nyika imekwisha kujengwa, simba wanauawa, heri tuokoe kilichomo ndani. Waliopinga, na kati yao walikuwa wenye ardhi wengi wa Kajiado, walisema: kilichomo ndani hakiwezi kuishi peke yake, nasi tuliowatunza wanyama miaka yote mtatufungia nje pamoja nao.

Sisi twaona hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa ya kwanza si ya upuuzi. Kilomita 117 za mraba zilizofungwa pande zote zitafaa nyati, twiga na faru wachache, lakini hazina nafasi ya nyumbu kuzaa. Nyasi zitahitaji kukatwa au kuchomwa kwa ratiba, simba wakizidi watahamishwa, swala wakizidi watahamishwa, na damu ya wanyama itabidi ichanganywe kwa kuletwa wengine kutoka mbali. Hayo ndiyo maisha ya elki wa Jackson. Tena huko kusini ardhi haijajengwa yote. Yako malisho makubwa bado, mathalan ranchi ya Kapiti ya watafiti wa mifugo, yenye eka 32,000 hivi, ambako ng'ombe na wanyama wa porini hula pamoja. Na kati ya Kapiti na mbuga zimebaki njia nyembamba kwenye ardhi za watu ambao hawajauza.

Kwa hiyo msomaji anayeweka akiba yake ili anunue ploti upande ule na aulize maswali haya kabla ya kutoa fedha. Aende ofisi ya ardhi ya kaunti ya Kajiado, aulize kama mahali pale pamepangwa kwa makazi au kwa malisho na njia za wanyama; maana mipango ya matumizi ya ardhi ilitengenezwa pamoja na wenyeji, na dalali hataitaja. Mahali palipopangwa kwa malisho huenda pasipate maji wala barabara kwa muda mrefu, na mjenzi aweza kujikuta katika kesi. Aulize majirani kama nyumbu au pundamilia hupita pale wakati wa mvua. Akiwa amekwisha kununua katika njia yao, si lazima aikimbie ardhi yake: azungushie uzio nyumba na bustani tu, na sehemu iliyobaki aiache wazi mpaka atakapoihitaji, akikubaliana na jirani zake wanne au watano, njia yaweza kubaki. Vyama vya akiba vinavyonunua eneo kubwa kwa pamoja vina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa vyaweza kukusanya nyumba upande mmoja na kuacha ukanda wazi upande wa pili tangu siku ya kupima.

Nyumbu wanaobaki huonekana mbugani zaidi katika miezi ya kiangazi, Agosti na Septemba, karibu na mabwawa. Mvua za Novemba zikianza huanza kuelekea mtoni, na huvuka mahali palipobaki wazi.